Acha Uta Nyumbani, Haki Yako Nenda Nayo



Katika mkutano wa tawi uliopita lilizuka neno ambalo halikumalizika, na saa ya watu kwenda makwao ilipofika lilikuwa lingali moto. Neno lenyewe ni hili: je, mtu anayekwenda kutembea mlimani au porini, mahali penye wanyama wakali, ana haki ya kuchukua silaha yake? Na askari wa wanyama akimsimamisha njiani, ana mamlaka gani juu yake, na mamlaka hayo yanakoma wapi? Wengine walisema hili si jambo la chama cha wafanyakazi. Sisi twasema ni jambo la chama, na tutaeleza sababu.

Mwenzetu mmoja, mtu wa genge la reli, siku yake ya mapumziko alikwenda kutembea na wapwa zake wawili katika hifadhi moja. Hatutaji jina lake wala mahali, maana shauri lingali mbele ya hakimu. Ndani ya gunia alikuwa na chakula, chupa ya maji, na uta wa marehemu baba yake pamoja na mishale mitatu. Yeye mwenyewe hakatai. Asema aliuchukua kwa sababu ya mbogo, wala hakuwa na nia ya kuwinda. Askari walimsimamisha wakataka kuona gunia. Akakataa. Maneno yakawa makali, huyu akavuta gunia na yule akavuta, na mara wapwa wakamwona mjomba wao ameketishwa chini, amepigwa makofi mawili, na askari mmoja akimwambia kwamba mambo yangeweza kwisha pale pale kama angetoa kitu kidogo. Hakutoa. Alilala ndani tangu Jumamosi mpaka Jumatatu. Siku za kazi alizokosa zimekatwa katika mshahara, na juu ya hayo ameandikiwa barua ajieleze.

Wajumbe wa tawi walikwenda kulalamika juu ya yale makofi na ile chai iliyoombwa. Jibu walilopata lilikuwa moja tu: mtu wenu alikutwa na silaha. Kila waliposema makofi, waliambiwa mishale. Kila waliposema rushwa, waliambiwa mishale. Walirudi mikono mitupu.

Ndugu, tulitazame jambo hili vizuri. Siku ile hakuonekana mbogo hata mmoja. Uta haukumkinga na mnyama ye yote. Kazi iliyofanywa na ule uta ni moja, nayo ni kumfunga mdomo mwenyewe alipokuwa na malalamiko ya kweli. Hiyo ndiyo sababu ya kuandika tahariri hii.

Twajua wako wanachama, hasa wazee wetu, wanaosema uta ni mali ya Mkamba tangu zamani, na kwamba ni aibu mtu kunyang'anywa uta wa babaye na kijana mwenye bunduki. Maneno haya hatuyacheki. Yana historia nyuma yake, na sisi watu wa reli twaifahamu kuliko wengine, kwa sababu historia hiyo ilipita katika stesheni zetu.

Mwezi wa Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka kutoka gari la moshi katika stesheni ya Kapiti, hapa hapa katika nyanda za Machakos. Alikuja kuwinda. Safari yake ilipokwisha, yeye na mwanawe Kermit walikuwa wameua wanyama 512 kwa bunduki zao. Walipewa heshima na karamu. Katika miaka ile ile sheria za wanyama za wakoloni zilimhesabu Mzungu mwenye leseni kuwa mwindaji, na Mkamba mwenye mshale kuwa mwizi. Halafu Aprili 1948 hifadhi ya Tsavo ilitangazwa, nchi kubwa ambayo Wakamba na Waata waliwinda humo tangu babu zao. Katika miaka ya 1956 na 1957 serikali ilifanya msako mkali huko, na watu wengi wa uta walitiwa gerezani. Basi mzee akisema ana uchungu, asiambiwe ni mjinga. Uchungu wake una tarehe.

Lakini yafaa tuseme pia yaliyofuata. Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa leseni. Tangu hapo tajiri kutoka ng'ambo haruhusiwi kushuka Kapiti na bunduki zake kama alivyoshuka Roosevelt. Na hata baada ya marufuku hiyo majangili waliendelea kuua. Hesabu iliyotangazwa ni kwamba mwaka 1973 Kenya ilikuwa na ndovu yapata 167,000, na kufika 1989 walibaki yapata 16,000. Wengi waliuawa kwa bunduki za kivita, na pembe zikaenda kuwatajirisha watu ambao hawajapata kulala porini hata usiku mmoja. Ndiyo maana Julai 1989 Rais Moi alitia moto tani 12 za pembe katika hifadhi ya Nairobi, na ndiyo maana Shirika la Wanyamapori, KWS, liliundwa na askari wake wakapewa silaha.

Sasa sheria yasemaje? Sheria ya wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, yakataza mtu kuingia na silaha katika hifadhi bila idhini. Wala haisemi bunduki peke yake. Yataja risasi, mshale, mkuki, mtego na vitu vya namna hiyo. Kwa hiyo anayedhani kwamba uta si silaha kwa sababu hautoi moshi, anajidanganya. Na bunduki ina sheria yake nyingine: ni kosa kuwa nayo bila cheti. Hata mwenye cheti halali, aliyepewa bastola kwa sababu ya duka lake mjini, hawezi kusema cheti kile ni ruhusa ya kupanda nayo mlima wa hifadhi. Atafute idhini, au aiache mahali salama palipokubaliwa na sheria.

Mwanachama mmoja kijana alisema mkutanoni kwamba Marekani watu hutembea na bunduki katika mbuga zao za taifa, tena mbele ya askari. Ni kweli, lakini aseme yote. Zamani bunduki katika mbuga nyingi za kule ilitakiwa ifungwe na isiwe na risasi. Sheria iliyopitishwa mwaka 2009 ilibadili hayo, na tangu Februari 22, 2010, mtu aweza kuwa nayo ikiwa sheria za jimbo lile zinamruhusu. Hata hivyo haruhusiwi kuingia nayo katika nyumba za serikali zilizomo mbugani, na kuwa na ruhusa ya kubeba si ruhusa ya kufyatua ovyo. Askari wa mbuga angali na mamlaka yake. Kwa hiyo hata kule mtu hubeba kwa kuwa sheria imempa nafasi, si kwa kuwa ameamua mwenyewe. Hapa kwetu sheria haikutoa nafasi hiyo, na sababu yake ni rahisi kufahamu. Askari aliye kichakani, jioni, akimwona mtu na silaha kwa umbali, atajuaje kama ni mtembezi au ni jangili? Sekunde chache ndizo zitakazoamua. Twapenda mwanachama wetu awe upande wa watu wasiotiliwa shaka.

Tena, ndugu, silaha yenyewe haina msaada mkubwa kama watu wanavyofikiri. Watu wa reli wanajua habari ya Kima. Juni mwaka 1900 simba alikuwa akisumbua watu wa stesheni ile, na mkubwa mmoja wa polisi wa reli, Bwana Ryall, alikuja kumwua. Alilala katika behewa na Wazungu wenzake wawili, akakaa zamu na bunduki yake akingoja. Usingizi ukamshika. Simba akaingia ndani ya behewa akamtoa dirishani. Bunduki ilikuwapo, na mtu aliijua kazi yake. Kule Tsavo, miaka miwili kabla ya hapo, simba wawili walikuwa wamesimamisha kazi ya daraja na kuwala wajenzi wa reli, na Patterson mwenyewe aliyekuwa na bunduki nzuri alihangaika kwa miezi kabla ya kuwapata Desemba 1898. Ikiwa watu wale walishindwa hivyo, mwenzetu mwenye mishale mitatu ya babaye, ambaye hajalenga kitu tangu utotoni, angemfanya nini mbogo aliyekasirika? Angemjeruhi tu, na mbogo aliyejeruhiwa ni hatari kwa kila mtu anayefuata nyuma.

Basi, upande wetu, neno la kwanza ni hili: mwanachama akienda kutembea katika hifadhi, uta, mkuki na bunduki vibaki nyumbani. Aombe askari wa kufuatana naye. Yeye ndiye mwenye bunduki kwa sheria, anajua mbogo walilala wapi jana, na akikosea yeye ndiye atakayejibu.

Neno la pili lahusu heshima. Askari wa wanyama ni mfanyakazi kama sisi. Ana mshahara wa mwisho wa mwezi, ana mkubwa anayemfokea, ana mke na watoto aliowaacha mbali. Hulala katika hema, mvua yake na jua lake. Wengi wameuawa na majangili wakiwa kazini, na wengine na wanyama wale wale wanaowalinda. Akikuuliza tikiti, mwonyeshe. Akitaka kutazama gunia, lifungue. Sheria imempa uwezo wa kuuliza, wa kupekua mizigo na gari, wa kuchukua silaha na wa kukamata. Ukibishana naye juu ya uwezo huo unapoteza wakati, na mwishowe utapoteza siku za kazi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na porini guu huvunjika mbali na hospitali.

Lakini neno la tatu ni zito vile vile, na twaomba lisomwe na kila mtu, hata na askari wenyewe kama karatasi hii itawafikia. Mamlaka ya askari yana mpaka. Sheria imempa bunduki ya kulinda wanyama na watu. Haikumpa mkono wa kupiga mtu aliyekwisha kukamatwa, wala mfuko wa kutilia chai. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 49, yasema mtu aliyekamatwa aambiwe mara moja, kwa lugha anayoifahamu, sababu ya kukamatwa kwake. Ana haki ya kunyamaza. Ana haki ya kuongea na wakili na watu wengine ambao msaada wao wahitajika. Ana haki ya kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kwisha.

Hapa tueleze jambo ambalo wengi hawalijui. Saa 24 hizo zikimalizika wakati mahakama imefungwa, mtu hupelekwa siku ya kwanza mahakama itakapofunguliwa. Kwa hiyo mwenzetu aliyekamatwa Jumamosi na kufikishwa Jumatatu, kwa hilo hakuonewa, na tukilipigia kelele tutaonekana hatujui sheria. Makofi ndiyo uonevu. Kuombwa kitu kidogo ndio uonevu. Tupige kelele mahali penye haki, na kelele yetu itasikika.

Na mtu akionewa afanye nini? Asirudishe kofi. Asitukane. Asitoe pesa, maana mwenye kutoa rushwa naye ana hatia. Atazame namba au jina katika nguo za askari, akumbuke saa na mahali, akumbuke nani alikuwapo. Akichukuliwa kitu chake aombe kiandikwe. Akifika kituo cha polisi aseme alivyotendewa, na aombe maneno yake yaandikwe katika kitabu cha kituo. Kisha aje chamani siku hiyo hiyo, si baada ya mwezi. Chama kikipewa habari safi, ya mtu asiye na kosa mkononi, kitasimama naye mpaka mwisho.

Wako watakaosema kwamba kuacha silaha ni kuwa mnyonge. Hawa twawakumbusha mwaka 1938. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikichukua ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu, kwa kisingizio cha kupunguza mifugo, na kiwanda cha nyama cha Liebig's kilikuwa kimejengwa Athi River kikingoja ng'ombe. Muindi Mbingu na wenziwe hawakuingia Nairobi na uta. Watu kwa maelfu, wanaume, wanawake na watoto, walikwenda wakakaa kule majuma kadhaa, wakisema hawaondoki mpaka waonane na Gavana. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu, lakini mpango wa kuwauzia watu ng'ombe wao kwa nguvu ulivunjika. Wakamba wale walikuwa na mishale ya kutosha nyumbani. Walijua kwamba siku wakiitoa, serikali ingepata sababu iliyokuwa ikiitafuta. Chama cha wafanyakazi ni mtoto wa akili ile ile.

Sasa twafika katika kazi yetu wenyewe. Reli hii inapita katikati ya nchi ya wanyama. Ya zamani ilipita hivyo, na ile mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 nayo inapita Tsavo. Mtu wa genge hutembea njiani alfajiri na jioni, saa zile zile ambazo ndovu na mbogo huvuka. Huchukua panga la kufyekea, nyundo na spana. Akiwa kazini vitu hivi ni vyombo vya mkate wake, lakini akikutwa navyo hatua chache nje ya njia, bila karatasi, anaweza kuulizwa maswali asiyoweza kuyajibu. Wengine kwa hofu huongeza mshale katika mfuko wa vyombo, na hapo ndipo balaa huanza. Hatuwezi kumwambia mtu aache uta nyumbani, kisha tumwache peke yake mbele ya ndovu. Kwa hiyo chama kitadai kwa wakubwa wa kazi mambo haya:

1. Kila genge linalofanya kazi ndani au kando ya hifadhi lipewe barua yenye mhuri, itajayo majina ya watu na vyombo walivyo navyo.

2. Mahali palipojulikana kuwa na wanyama wakali, kazi isianze mpaka askari wa wanyama awe amefika. Mtu asiitwe mvivu kwa kumngoja.

3. Wakubwa wa reli na wakubwa wa hifadhi wakubaliane juu ya simu ya kupigwa wakati wa hatari, na namba hiyo ibandikwe katika kila kibanda cha genge.

4. Mfanyakazi aliyejeruhiwa na mnyama akiwa kazini asaidiwe kuandika madai yake. Sheria ya 2013 ilitaja fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, na milioni 3 kwa aliyepata kilema cha kudumu. Lakini familia nyingi zimengoja kwa miaka, na nyingine hazikupeleka karatasi kabisa.

5. Mabango ya sheria yaliyo milangoni mwa hifadhi yaandikwe kwa Kiswahili, na huku kwetu kwa Kikamba pia. Mtu hushika sheria aliyoisoma.

Mwisho twatangaza safari ya tawi, ile iliyoombwa na vijana. Tutapanda Ol Donyo Sabuk, mlima wetu wa hapa Machakos, wenye urefu wa mita 2,145, ambao ni hifadhi ya taifa tangu 1967. Wengine huuita Kilimambogo, na jina hilo halikutolewa bure. Ubavuni mwake kuna kaburi la McMillan, yule tajiri aliyekufa mwaka 1925, ambaye naye alikuwa rafiki wa Roosevelt na mpenda kuwinda. Tutapita hapo, kila mtu atazame na kufikiri anavyopenda.

Masharti ni machache. Kila mtu achukue maji, chakula, kofia, viatu imara na kitambulisho. Tutalipa mlangoni kama wageni wengine, na tutaomba askari wa kwenda nasi. Yeye atatangulia, na akisema simameni tutasimama. Hakuna kutoka nje ya njia, hakuna kupiga kelele, hakuna kuachana na wenzako. Mifuko itafunguliwa hapa ofisini kabla ya kuondoka, na katibu ataanza na mfuko wake mwenyewe. Atakayekutwa na uta au kitu cha namna hiyo atauacha ofisini, apewe karatasi, na kuuchukua jioni. Hatasemwa wala kuchekwa.

Na kabla ya safari hiyo, twaomba kila mwanachama atoe alichojaliwa kwa ajili ya mwenzetu aliye mbele ya hakimu. Alikosa kuchukua ule uta, nasi tumemwambia hivyo usoni mwake. Lakini ni mtu wetu, watoto wake wanakula kwa mshahara uliokatwa, na makofi yale aliyopigwa yamepigwa chama kizima. Daftari la michango liko kwa mweka hazina.

Umoja ni nguvu.

Mhariri